Daftari la Mabaka

2 Machi, Jumatatu
Daftari jipya. La zamani limejaa mpaka ndani ya jalada. Mvua ya kwanza imenyesha mchana, si ya kutisha, lakini paa la chumba cha mitambo linavuja palepale pa mwaka jana. Nimepanga ndoo mbili.

Leo tumeanza kazi ya Daktari. Naandika nilivyoielewa, ili nikisahau nirudi hapa. Kuna nyota iliyokufa ambayo bado inazunguka kama pia, na kila mzunguko inatutupia mpigo mmoja wa redio. Ina mwenzake, wanazungukana, ndiyo maana hapa kituoni tunaiita Pacha. Daktari anataka dishi letu liisikilize saa mbili kila siku, bila kukosa, mpaka mwisho wa Juni, ajue inavyotembea na njia yake imelalia upande gani. Nilimwuliza kwenye simu kwa nini miezi yote hiyo. Akasema dunia nayo inatembea. Anataka kuitazama Pacha sisi tukiwa tunaelekea huku, kisha tukiwa tunaelekea kule. Atakuja mwenyewe Mei, akimaliza kufundisha. Hadi hapo kazi ni yangu: kuelekeza dishi, kurekodi, kusafisha, kutuma.

Kusafisha ndiko kulikonipa jina. Mkuu wa kituo aliwahi kuwaambia wageni, "Huyu mama akishapitisha mkono kwenye data, mnaweza kuweka sahani juu yake mkala."

3 Machi
Mvua. Ndoo mbili.

5 Machi
Data ya Pacha ni chafu. Miaka kumi na mmoja sijaona uchafu wa namna hii. Kwenye skrini muda unakwenda kulia na masafa yanapanda juu, na kila baada ya dakika chache linatokea baka linalong'aa, linakaa, linafifia, kisha lingine linatokea pembeni yake.

Mzee aliyenifundisha kazi, kabla hajastaafu, aliniachia kanuni moja: mbingu hazibadiliki ndani ya dakika kumi, anayebadilika ni binadamu. Simu, redio ya polisi, plagi mbovu. Ukiona kitu kinawaka na kuzimika, mtafute mtu.

Nimeyazungushia mabaka yote mraba mmoja mmoja, nimefuta. Saa mbili za kurekodi, saa tatu za kufuta. Mgongo unaniuma.

9 Machi
Mabaka tena, leo marefu, kama dakika kumi na mbili kila moja. Mkuu anasema tukitaka kumkamata mhusika lazima tuwe na ushahidi. Nimefungua daftari la pili, la kijani, la mabaka peke yake: tarehe, saa, urefu. Nikishaandika, nafuta.

Mhusika namjua. Nyuma ya kilima, kilomita tatu kutoka hapa, ndani ya eneo la ukimya ambamo saa za kusikiliza ni marufuku kuwasha chochote kinachotoa mawimbi ya redio, kuna karakana moja ya kuchomelea vyuma. Ni ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

12 Machi
Mafupi leo, dakika nne nne. Nadhani siku za mabaka marefu anachomelea mageti, na siku za mafupi anachomelea viti.

15 Machi, Jumapili
Shemeji amekuja kula kama kawaida yake, amevua viatu vya tope mlangoni, amekaa kwenye kiti cha kaka yake.

"Shemeji," akaniambia, "lile sufuria lenu bado linasikiliza?"

"Linasikiliza."

"Na nyota zinasemaje? Zimesema lini mvua inaisha?"

Mume wangu akacheka. Mimi nikauliza, taratibu kabisa, kama wiki hii alikuwa na mageti.

"Mageti? Nani anasimamisha geti kwenye tope hili? Natengeneza majembe yaliyovunjika, shemeji. Majembe na kitanda kimoja cha watu waliooana juzi wakakivunja jana."

Nilipotoka kwenda zamu saa nane alikuwa amelala kitini, mdomo wazi. Saa tisa Pacha ikafika juu ya kilima, na mabaka yakaanza, marefu kama ya wiki iliyopita. Nimeandika kwenye daftari la kijani: huenda ameacha mtu anachomelea.

18 Machi
Mafupi.

21 Machi
Marefu. Ndoo tatu sasa.

24 na 25 Machi
Umeme umekatika eneo lote, nguzo mbili zimelala barabarani. Kituo kinaendeshwa kwa betri. Mji mzima kiza, na mabaka yapo. Basi ana jenereta. Hajawahi kutuambia kama ana jenereta.

30 Machi
Nimempa Mkuu daftari la kijani. Amelisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akisema "Aisee, aisee." Kisha akanirudishia, akaniuliza, "Lakini huyu si ndugu yako?"

"Ni shemeji yangu. Sheria ya ukimya wa redio haina shemeji."

Nilijiona nimesema jambo la maana.

2 Aprili
Barua imekwenda ofisi ya wilaya. Imetaja "kumbukumbu makini za mtumishi mwandamizi." Mabaka marefu leo. Yanazidi kurefuka, naona. Dakika kumi na nne.

10 Aprili
Wametia lakiri kwenye mashine ya Shemeji. Maofisa wawili na askari mmoja, mbele ya wateja. Mume wangu amenisimulia akiwa amesimama, hakukaa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia mimi kwanza, ningezungumza naye."

"Angekataa. Angesema hachomelei saa zile."

"Anasema hivyo hata sasa."

Hakula. Mimi nilikula, kwa sababu nina zamu.

11 Aprili
Mabaka yapo. Mafupi.

12 Aprili, Jumapili
Kiti kimekaa kitupu. Mama mkwe amepika, akapakua sahani ya Shemeji, akaifunika, akaiweka katikati ya meza ili wote tuione. Jioni akaifunua, akala yeye mwenyewe.

14 Aprili
Marefu. Sasa anaiba. Anachomelea kwa mashine nyingine, mahali pengine.

17 Aprili
Mafupi. Mvua siku ya tano mfululizo. Nafuta mpaka naota nafuta.

20 Aprili
Barua ya pili imetoka wilayani, bila sisi kuiomba. Karakana ihame nje ya eneo la ukimya ifikapo tarehe thelathini Juni. Ihame, si ifungwe tu. Amekaa pale miaka kumi na minne, na nje ya eneo hakuna nguzo ya umeme hata moja. Mkuu amenionyesha barua kama mtu anayenionyesha zawadi.

24 Aprili
Nimekwenda mwenyewe. Nilijiambia nakwenda kukagua.

Karakana iko wazi. Shemeji alikuwa amekaa juu ya kreti, ananoa panga la mtu kwa jiwe, kwa mkono. Aliponiona hakuinuka.

"Karibu, mkaguzi."

"Nimekuja kukusalimu."

"Nisalimie basi."

Nikamsalimu. Akaitikia. Kisha akanionyesha kwa panga kule kwenye kona. Mashine iko palepale, lakiri nyekundu imezunguka waya, nzima. Na juu ya mashine, kwenye kikapu cha vitambaa vya kufutia grisi, kuku amelala, ametuna, ananitazama kwa jicho moja.

"Huyo ameanza kulalia siku ya pili baada ya lakiri," akasema. "Leo ana siku kumi na tatu. Mwulize yeye kama nimechomelea. Yeye haniiti shemeji, hana sababu ya kunitetea."

"Na jenereta?"

"Jenereta gani?"

Nilizunguka nyuma ya karakana, nikaona kwa macho yangu: tope, mabati, choo. Hakuna jenereta. Hakuna hata mahali pa kuiweka.

Nilirudi kwa miguu. Saa tano na nusu nikakaa kwenye skrini, maana Pacha kila siku inawahi kidogo kuliko jana. Mabaka yapo, dakika tano tano. Nimeyaandika, nimeyafuta. Sijui ninafuta nini.

26 Aprili, Jumapili
Marefu sana. Dakika kumi na sita. Kiti kitupu.

29 Aprili
Mafupi. Ningeweza kumpigia Daktari. Nimeshika mkono wa simu mara mbili. Nitamwambia nini? Kwamba nimemfukuzisha mtu kazi na uchafu umebaki? Nimefuta, nimetuma. Nimechoka kuliko ninavyojua kuandika.

2 Mei
Marefu. Nimefuta.

6 Mei, Jumatano
Naandika kwa mpangilio ili nisiruke kitu.

Daktari amefika na basi la asubuhi, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Ni mdogo kuliko sauti yake ya simu. Akanisalimu, "Shikamoo mama," na kabla ya kuonja chai akataka kuiona Pacha. Nikamfungulia faili za Machi nilizosafisha. Akazitazama. Akafungua za Aprili. Akasogeza kiti.

"Mama, dishi lilikuwa linaelekea wapi?"

"Kwenye Pacha."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata siku nguzo zilipoanguka."

"Mbona haimetameti?"

Nikamwuliza kumetameta ndiyo nini. Hakunicheka. Akachukua kikombe chake, akakiinua kati ya uso wangu na taa ya mezani, mvuke ukipanda.

"Unaona taa inavyocheza nyuma ya mvuke? Kati yetu na Pacha kuna gesi, nyembamba mno, lakini safari ni ndefu. Redio ya Pacha ikipita humo inatikisika. Mahali inang'aa, mahali inafifia. Kwenye skrini yanatoka mabaka. Pacha ikiwa inakatiza mbele yetu mbio, mabaka ni mafupi. Ikiwa inakuja kwetu au inatupa mgongo, yanakaa, yanakuwa marefu. Mimi siwezi kuiona inavyotembea, mama. Iko mbali mno. Naona mabaka tu. Napima mabaka, najua mwendo. Sasa hapa..." akagusa skrini, "hapa ni kama ukuta uliopakwa chokaa. Sijawahi kuona nyota iliyotulia hivi."

Nilipata kama nusu dakika ya kusema uongo, na uongo ulikuwa tayari, umeoga na umevaa: programu ya kusafisha imekosea. Hakuna ambaye angejua.

"Nimeyafuta mimi," nikasema.

"Yapi?"

"Yote. Kwa mkono. Tangu Machi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa, akafungua barua yake ya Februari kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaisoma kwa sauti: "'Msafishe kama kawaida.' Niliandika mimi. Kama kawaida." Akafunika uso kwa viganja. Kisha akauliza, bado amejifunika, "Data ghafi mnaiweka siku ngapi?"

"Arobaini na tano. Kisha nyingine inaandikwa juu yake."

Tulihesabu pamoja, yeye kwa kalamu, mimi kwa vidole, tukafika mahali pamoja: tarehe ishirini na mbili Machi. Kuanzia hapo ipo. Kabla ya hapo, siku ishirini, hakuna. Na kila tukikaa, kesho inakula siku nyingine. Tukasimama sote kwa pamoja, tukaenda chumba cha mitambo kusimamisha programu inayofuta data ya zamani, tukiruka ndoo.

Siku ishirini za mwanzo, alisema tulipokaa tena, ndizo alizozitaka kuliko zote. Upande ule wa safari ya dunia hatutaurudia mpaka mwakani, na mwakani dishi hili limepangiwa watu wengine.

Hapo ndipo nilipolitoa daftari la kijani kabatini. Sikulitoa kumsaidia. Nililitoa kwa sababu lilikuwa linaniunguza.

"Hii ni nini?"

"Ushahidi."

"Wa nini?"

"Dhidi ya shemeji yangu."

Akalifungua. Tarehe, saa, urefu. Tarehe, saa, urefu. Mwandiko wangu mzuri. Akachukua karatasi ya miraba, akaanza kuweka nukta, nukta moja kwa siku, na mimi nikawa namsomea. Tarehe tisa, dakika kumi na mbili. Tarehe kumi, kumi. Tarehe kumi na moja, sita. Tarehe kumi na mbili, nne. Nukta zikashuka, zikapanda, zikashuka. Zilikuwa zinapanda na kushuka kama bega la mtu aliyelala.

"Siku sita," akasema. "Kila baada ya siku sita inarudia. Nusu ya mzunguko wa Pacha ni siku sita." Akaniangalia. "Shemeji yako ana wiki ya siku sita?"

"Ana wiki ya siku saba kama watu wote," nikasema. "Jumapili anakula kwetu."

Kisha nikasikia nilichokisema. Tarehe kumi na tano Machi alikuwa amelala kwenye kiti nyumbani kwangu. Niliandika mimi mwenyewe kwamba amelala. Niliandika na bado nikamshtaki.

7 Mei
Nimemwambia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo kelele ilikuwa ya nyota?"

"Haikuwa kelele."

"Na mdogo wangu?"

"Hakufanya kitu."

Akaenda kulala. Mama mkwe, ambaye nilidhani hasikii, akasema kutoka jikoni, "Kamwambie yeye. Sisi tulikuwa tunajua."

8 Mei
Mabaka marefu. Sikufuta. Ni mazuri.

9 Mei
Mkuu hataki kuandika barua ya kufuta barua. "Kituo hakiwezi kujibishana chenyewe. Wakubwa watasema hatujui tunachokisikiliza."

"Hatukujua."

"Wewe hukujua."

Ni kweli. Nimeandika kwa jina langu, kurasa mbili, jinsi nilivyokosea na kwa nini. Nimeambatisha nakala ya daftari la kijani na mchoro wa nukta. Daktari ametia sahihi chini yake. Mkuu amesema nikiituma, zamu ya kusafisha itapewa mtu mwingine. Nimeituma.

10 Mei, Jumapili
Nimekwenda karakana na sahani iliyofunikwa. Vifaranga saba wanatembea juu ya mashine. Nilimweleza Shemeji nikiwa nimesimama. Aliendelea kunoa.

"Yaani niliponzwa na nyota."

"Nilikuponza mimi."

"Tena ya mbali."

"Mbali sana."

"Afadhali ingekuwa ya karibu, ningekwenda kuzungumza nayo." Hakutabasamu. Alichukua sahani, akala chakula chote mbele yangu, akanirudishia sahani tupu. "Sijakusamehe, shemeji. Nilikuwa na njaa tu."

19 Mei
Ofisi ya wilaya: ofisa mhusika yuko safarini.

27 Mei
Mhusika amerudi. Faili haionekani.

3 Juni
Faili imeonekana. Mvua imepungua, ndoo moja. Daktari amekaa wiki nne na mchoro wake. Anasema nukta za daftari hawezi kuziita kipimo, ni jicho la mtu na saa ya ukutani, lakini zinaangukia mahali pake, na bila hizo asingejua Pacha imelalia upande upi kati ya pande mbili. Sasa anaujua. Ameniuliza aandike jina gani kwenye shukrani. Nimemwambia aandike karakana.

12 Juni
Lakiri imekatwa. Amri ya kuhama imefutwa. Mume wangu alikwenda kushuhudia. Mimi nilikuwa nafagia chumba cha mitambo, ndiyo kazi yangu mpya asubuhi, na dishi naliongoza bado. Hakuna anayesafisha data ya Pacha tena.

19 Juni, Ijumaa
Kavu. Ndoo nimezirudisha stoo.

Saa mbili na robo asubuhi, Pacha ikiwa juu, simu ya mezani ikalia.

"Shemeji. Uko kwenye skrini?"

"Nipo."

"Nawasha mashine. Sasa hivi. Nataka uniambie ukiniona."

Nilitaka kumwambia asiwashe, saa hizi ni za kusikiliza. Sikusema. Nikasikia simu ikiwekwa juu ya kitu cha chuma, kisha mlio ule wa cheche, mara moja, mara mbili, mara tatu, kila mara kama kitambaa kinachochanwa.

Nilitazama. Mabaka ya Pacha yalikuwa yanapita polepole, mapana, dakika kumi na tisa. Na katikati yao, kutoka chini mpaka juu ya skrini, mistari mitatu myembamba kama unywele. Ilitokea, ikaisha. Miezi miwili nilimwandika kila siku, na ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Nikoje?"

"Mistari mitatu. Myembamba. Kama unywele."

Vifaranga walikuwa wanalia huko kwake.

"Myembamba hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Kumbe," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikasikia anacheka. "Basi niandike vizuri."

Nimeandika kwenye daftari la kijani, ukurasa mpya: 19 Juni, saa mbili na dakika kumi na saba, mistari mitatu, sekunde mbili kila mmoja. Shemeji. Haikufutwa.